Nani Anamdai Nani? Urafiki, Ukwasi na Kukosa Makao katika Hadithi za Watoto

Mhadhara uliotolewa Masasi mbele ya walimu, wazazi na wakutubi

Mmeniomba nizungumzie hadithi za watoto, hasa zile zinazosimulia urafiki kati ya mtoto aliyenacho na mtoto asiyenacho, na zile za watoto wasio na mahali pa kulala. Nia yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba swali la kwanza la kuiuliza hadithi ya namna hii ni nani anamdai nani. Hadithi nyingi tunazowapa watoto hujibu kwamba mdaiwa ni mtoto maskini: amepewa chakula, amepewa sare, amepewa godoro, basi na ashukuru. Nasema hesabu hiyo imepinduliwa, kwamba masimulizi yetu ya kale yaliiweka sawasawa, na kwamba mwandishi wa Masasi au Newala amezungukwa na mambo yanayoweza kuirudisha mahali pake. Nitakwenda kwa hoja tatu, kisha nijibu pingamizi. Mtaniwia radhi sehemu moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

Hoja ya kwanza inahusu urithi tulio nao. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, akauita Swahili Tales. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, mtu huyohuyo, sasa akiwa askofu, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi hapa Masasi. Vitabu vya historia ya kanisa hulitaja tukio la pili, vitabu vya fasihi hulitaja la kwanza, na ni nadra kuyaona yamewekwa pamoja. Leo nayaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu katika mkusanyo ule imo hadithi ya Sultani Darai, na sehemu yake kubwa inamhusu maskini asiye na kitu, anayepekua jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Badala ya kununua chakula ananunua paa mdogo, na watu wanamwona mpumbavu. Paa yule anasema. Anatafuta malisho yake mwenyewe, anafukua almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, anamwombea bwana wake mke, anamwogesha, anamvisha, analiua joka lenye vichwa vingi na kumkabidhi bwana wake jumba la joka hilo pamoja na mali yote. Kisha paa anaugua. Bwana wake, aliyekwisha kuzoea mito na mazulia, anaagiza apikiwe uji wa mtama na asisumbuliwe zaidi. Mke analia, bibi kizee wa nyumbani analia, bwana hashtuki. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku ule tajiri anaota yuko jaani akipekua, na anapofumbua macho yuko jaani kweli.

Tuitazame hadithi hii kwa utulivu, maana mara nyingi inafundishwa kama onyo dhidi ya ukosefu wa fadhila na kuachwa hapo. Maskini yule aliyetajirika hakumnyima rafiki yake kila kitu. Uji aliutoa. Kosa lake ni kwamba alitoa kama sadaka kile alichokuwa akidaiwa. Kila tofali la jumba lile lilitokana na paa, na msikilizaji, hata awe wa miaka sita, anajua hivyo kwa sababu msimulizi amempitisha hatua kwa hatua penye almasi, penye safari, penye joka. Ndiyo maana mtoto anayesikia habari ya uji wa mtama hukasirika bila kuelekezwa. Hadithi imemwonyesha utajiri umetoka wapi kabla ya kumwonyesha tajiri anavyoutumia. Angalieni pia kwamba haikuhitaji kumfanya maskini awe malaika ndipo apendwe. Yule maskini ana kasoro zake tangu mwanzo hadi mwisho, na kasoro hizo anazo akiwa jaani na akiwa jumbani. Waandishi wetu wa leo, wanaodhani kwamba mtoto fukara lazima awe mpole, msafi wa moyo na wa kwanza darasani ndipo astahili rafiki, wangejifunza mengi hapo.

Sasa turudi kwenye ule msafara wa 1876. Wale waliofika Masasi na Steere walikuwa watu wasio na kwao. Walichukuliwa wakiwa wadogo, wengi hawakuweza tena kukifikia kijiji walikozaliwa, na walijenga katika nchi yenye wenyewe, Wayao, Wamakua na Wamakonde. Mwaka 1882 Wamagwangwara, kundi la Wangoni, waliishambulia Masasi, wakachoma na kuteka watu, na walionusurika wakabaki bila nyumba kwa mara ya pili katika maisha yao. Baada ya hapo Chauncy Maples wa misheni hiyohiyo alihamishia makao ya misheni Newala, penye himaya ya Matola, mkuu wa Wayao. Wazee wa Newala mlioko hapa, nadhani mnaona ninakokwenda. Kupokea watu wasio na pa kulala ni jambo la msingi katika historia ya wilaya hizi mbili, tena mpokeaji naye alikuwa na hofu zake na uchache wake wa chakula. Hali ilijirudia baada ya 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza na familia zikavuka Ruvuma na watoto mgongoni. Ni nani basi aliyemdai nani, mkimbizi au mwenyeji? Swali hili lina majibu zaidi ya moja, na hadithi ya watoto inayothubutu kuliuliza hapa hapa tulipo ingekuwa na nguvu kubwa. Mpaka sasa swali hilo tumewaachia wanahistoria peke yao.

Hoja ya pili inahusu vitabu. Mwaka 1931 Mjerumani Erich Kästner alichapisha Pünktchen und Anton, kitabu cha watoto kilichopendwa sana Ulaya. Pünktchen ni binti wa tajiri mwenye kiwanda cha fimbo za kutembelea mjini Berlin. Anton ni mvulana anayempikia mama yake mgonjwa, anafanya kazi usiku na kusinzia darasani. Ni kitabu kizuri, na nakitaja kwa heshima. Anton anafanya mambo, anaamua, ana kiburi chake. Lakini mwisho wake ni kwamba mama yake Anton anaajiriwa kuwa yaya katika nyumba ya rafiki wa mwanawe, na wote wawili wanahamia humo. Msomaji anafurahi, na ana haki ya kufurahi kwa ajili ya Anton. Hata hivyo kuanzia siku ile mama wa mmoja ni mtumishi wa baba wa mwingine, na kitabu kinafungwa kabla hatujajua urafiki ule utaishije chini ya dari ile.

Waandishi wa Afrika Mashariki walianzia pale Kästner alipomalizia. Katika Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka 1964, Njoroge na Mwihaki wanapendana tangu utotoni, lakini baba yake Njoroge anaishi kwenye ardhi ya Jacobo, baba yake Mwihaki, na unapozuka mgomo wa wafanyakazi, baba yule anapoteza kazi na mahali pa kuishi pia. Urafiki wa watoto ulikuwa umejengwa juu ya ardhi ya mmoja wao, na Ngũgĩ hamruhusu msomaji asahau. Meja Mwangi naye, katika kitabu chake cha 1990, Little White Man, kinachojulikana pia kwa jina la The Mzungu Boy, anamweka Kariuki, mtoto wa mpishi, pamoja na Nigel, mjukuu wa mzungu mwenye shamba, wakiwinda na kuvua pamoja wakati wa vita vya Mau Mau. Msituni wako sawa. Wakitoka msituni hawako sawa tena, na kila kosa la wote wawili linalipiwa na upande mmoja. Hapa deni linaonekana wazi.

Kwetu Tanzania kitabu kinachogusa jambo hili kwa karibu zaidi ni Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka 2002 na ambacho wanafunzi wengi wa sekondari mlioko hapa mmekisoma kwa ajili ya mtihani. Naomba mkisome tena pasipo mtihani. Peter na Zita, watoto wa mama anayeuza chakula jijini Dar es Salaam, wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada na sare. Wanaishia kwenye jalala la Tabata, wakikutana na watoto ambao hawana hata kibanda cha mama. Jalala hilo lilikuwapo kweli. Wakazi wa Tabata walilifungulia kesi mwaka 1988, na Mahakama Kuu ikaamuru Jiji liache kutupa taka pale. Kinachonivutia kwa Mbogo ni mahali alipoweka mpaka. Hakuuweka kati ya jumba la Oysterbay na mtaa wa Manzese. Aliuweka kati ya fukara aliye na mama na fukara asiye na mama, kati ya mtoto mwenye mkeka wa kurudia jioni na mtoto ambaye jioni haimaanishi kurudi popote. Mpaka huo ni mwembamba, unavukika kwa wiki moja ya bahati mbaya, na urafiki unaozaliwa juu yake ni urafiki wa watu wanaojua kwamba wanaweza kubadilishana nafasi. Zita anafariki dunia, kitabu hakitudanganyi. Na mtaona kwamba zaidi ya miaka 130 baada ya Steere tumerudi jaani, mtoto akipekua taka, isipokuwa sasa hakuna paa anayesema, na kitu pekee ambacho mtoto mmoja anaweza kumpa mwenzake ni kuwa pamoja naye.

Ada ya shule za msingi iliondolewa 2001, na kuanzia Januari 2016 ikaondolewa hadi kidato cha nne. Mtu anaweza kusema kisa cha Mbogo kimepitwa na wakati. Ada imeondoka, ndiyo. Sare, madaftari na nauli bado viko juu ya mzazi, na mtoto anayekuja shule na shati lililofifia anajua hivyo kuliko anavyojua waraka wowote.

Hoja ya tatu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, inahusu uwanda huu wa Makonde wenyewe. Tukimwambia mwandishi kijana wa Newala aandike juu ya watoto wasio na makao, kalamu yake inakimbilia Dar es Salaam: Kariakoo, stendi, gundi, polisi. Anaandika asichokijua, kwa kuiga alichosoma. Wakati huohuo anayemzunguka ni mtoto asiye na makao wa namna nyingine, ambaye hatumwoni kwa sababu usiku hulala chini ya paa la mtu. Huyu ni yule anayekaa kwa bibi msimu wa kilimo, kwa mjomba msimu wa korosho, kwa mama wa kambo mwezi mmoja, na kwa jirani wazazi wanapokwenda kutafuta maisha. Ana mahali pengi pa kulala na hana pa kwake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja malazi miongoni mwa haki zake, pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu, na inamtwisha mzazi wajibu huo. Lakini sheria haiwezi kumwambia mtoto lile daftari lake aliache nyumba ipi. Hadithi inaweza kuanzia hapo, kwenye daftari lililosahaulika nyumba ya juzi.

Na tofauti ya kipato hapa haihitaji kutafutwa mbali. Wote tunajua kwamba juu ya uwanda hakuna mito, kwamba mvua inanywewa na mchanga, na kwamba kwa vizazi vingi maji yalifuatwa bondeni, chini ya miteremko, kisha yakapandishwa kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hadi leo mabomba hayajamaliza safari zote za ndoo. Nyumba ya bati yenye kisima cha kuvunia mvua uani inaweza kupitisha kiangazi. Nyumba ya nyasi haiwezi kuvuna hata tone, itanunua kwa ndoo au itatuma mtoto. Fikirini wasichana wawili wa darasa la nne, mmoja wa nyumba yenye kisima, mwingine wa nyumba inayonunua. Wanakaa dawati moja. Mmoja anafika asubuhi ameoga, mwingine anafika amechelewa na shingo inauma. Hadithi ya sadaka itamfanya wa kwanza ampe wa pili maji bure, wa pili atashukuru, na mwalimu atasifu. Mwandishi anayeuliza nani anamdai nani ataendelea kuchimba. Bati lile lilinunuliwa kwa fedha gani? Labda kwa korosho za mwaka mzuri. Korosho zile zilitoka kwenye mikorosho ipi? Labda kwenye mikorosho ambayo baba wa yule msichana wa pili aliiweka rehani alipouguliwa, na hakuweza kuikomboa. Labda ziliuzwa kwa kangomba kabla ya msimu, kwa bei ya njaa, na aliyezinunua akasubiri ghala lifunguliwe. Sasa ile ndoo ya maji ina historia, na kumpa rafiki maji ni kumrudishia sehemu ndogo ya kilichokuwa chake. Msichana mwenye kisima hana kosa lolote. Ila siku moja atajua, na anachofanya baada ya kujua ndicho kisa chenyewe.

Sisemi kila mwenye bati amelipata kwa rehani ya jirani, na mwandishi mwaminifu hatasema hivyo. Wapo waliopulizia salfa kwa wakati, waliopalilia, waliokaa mbali na ulevi, wakapata. Nao wana nafasi katika hadithi. Lakini bei ya korosho haipangwi na bidii ya mkulima peke yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza 2007 tumeona mnada ukipanda na kushuka, na mwishoni mwa 2018 tuliona wanunuzi wakisusia bei, serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likaja kubeba mzigo. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka ule alisikia mazungumzo hayo usiku, wazazi wakihesabu, wakisubiri malipo. Anaelewa kuliko tunavyodhani. Kumwandikia hadithi ambamo watu ni matajiri kwa sababu ni wema, na maskini kwa sababu ni wavivu au kwa sababu tu ndivyo walivyo, ni kumwambia kwamba aliyosikia kwa masikio yake si kweli.

Nimekwisha kusikia mapingamizi, na yanastahili kujibiwa. Wako wanaosema kwamba kukosa makao si jambo la kwetu, kwa kuwa ukoo humpokea kila mtoto; kwamba jando na unyago huwalaza kumbi moja watoto wa nyumba zote, na huko hakuna tajiri wala maskini. Naheshimu sana neno hili, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Urafiki wa waliolala kumbi moja ni miongoni mwa vitu vichache vinavyovuka kipato bila kuombwa, na nashangaa kwamba haujaandikiwa hadithi za kutosha. Ila ukoo hupokea kwa mikono ya watu fulani, na mara nyingi mikono hiyo ni ya bibi mmoja mwenye wajukuu saba. Kusema ukoo umempokea bila kusema bibi alikula nini usiku ule ni kuficha deni jingine tena, deni la wanawake wazee wa uwanda huu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Wengine wanasema hadithi za namna hii zitapanda chuki, mtoto wa maskini atamtazama mwenzake kama mwizi. Hofu hii ingekuwa na uzito kama dawa ingekuwa kunyamaza. Lakini watoto hawanyamazi; wanataniana kwa viatu vilivyotoboka na kwa harufu ya moshi kwenye nguo. Hadithi inayoeleza sababu huipunguzia dharau nguvu, kwa kuwa dharau huishi kwa kudhani kwamba kila mtu yuko mahali anapostahili. Msikilizaji wa Sultani Darai hawachukii matajiri wote. Anamlilia paa.

Pingamizi la tatu ni kwamba watoto wadogo wasilemewe na huzuni. Nakubali kuhusu kipimo. Mtoto wa miaka saba hahitaji kila kilichomo jalalani Tabata. Nisichokubali ni kudhani kwamba msomaji daima ni mtoto mwenye raha anayepaswa kulindwa asijue. Katika darasa la watoto sitini, walimu mnajua, yumo anayeishi hadithi hiyo. Kitabu kisichomtaja kabisa kinamlinda dhidi ya nini? Na kuhusu wale wanaosema hadithi haiezeki nyumba, jibu langu ni fupi: haiezeki. Kazi hiyo ni ya halmashauri, ya vyama vya msingi, ya misikiti na makanisa, yetu sote, na isiahirishwe kwa kisingizio cha vitabu.

Kinachobaki ni kazi iliyo mbele yetu. Ndanda, mwendo mfupi kutoka hapa, ilipata misheni ya Wabenediktini mwaka 1906 na kwa miongo mingi imechapa vitabu vya Kiswahili. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umeonyesha kwamba waandishi wa Tanzania wanaweza kuandikia watoto wa Tanzania na vitabu vikasomwa. Kwa hiyo hatuanzi mahali patupu. Ninachoomba ni kwamba walimu wa Masasi na Newala mwanze kuandika wenyewe, kwa Kiswahili chenye maneno ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao pale watoto wenyewe wanapoyatumia, juu ya visima, rehani, kumbi, bibi, na watoto waliovuka Ruvuma zamani na wanaoendelea kuvuka tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze 2017. Kila rasimu isomwe kwa sauti mbele ya darasa lenye watoto wa nyumba za bati na wa nyumba za nyasi, na mwandishi akae kimya nyuma ya darasa aone ni nani anacheka wapi na ni nani anaacha kusikiliza. Ianze Juni au Julai, kwa sababu korosho zikianza kuanguka Oktoba baadhi ya watoto tunaowahitaji zaidi kama wasomaji watakuwa mashambani wakiokota. Sasa naomba maswali, na ningependa yaanze kwa walimu wa darasa la tatu na la nne.